Nani Aliziweka Mbegu Nje?

Mwenyezi Mungu alipogawa mbegu, alizificha kwa heshima zake. Ya embe kaifungia ndani kabisa. Unaguguna weee, ukigonga kokwa unajua karamu imekwisha. Za papai kazirundika tumboni, unazikwangua na kijiko, kuku wanashangilia. Za chungwa unatema. Hata avokado, na maringo yake yote, ina mbegu moja tu, unaishika mkononi mnatazamana. Sasa njoo kwa stroberi. Stroberi imezivaa mbegu nje. Mchana kweupe. Humenyi, hutemi, hukwangui. Huwezi hata kujifanya hukuziona. Nani aliziweka huko? Na aliponiona mimi naja, alicheka?

Sogea kidogo kwenye hilo benchi, jirani, nikwambie. Mama Bahati, chai moja, andika kwa kitabu.

Kwanza ujue nilikotoka. Sisi tuliolelewa ocha tulifundishwa mambo mawili kuhusu mbegu, na yote yalikuwa ya kutisha. Ukimeza ya chungwa, mti utaota kichwani. Ukimeza za mapera, zitaingia kwenye kidole tumbo, utapasuliwa, mbuzi watauzwa kulipa hospitali. Mti wa kichwani sikuuogopa sana. Mbuzi ndio walioninyima usingizi. Nilijua mzee wangu akiambiwa achague kati yangu na mbuzi, angeomba muda wa kufikiria.

Kwa hiyo mapera nilikula ukuta tu. Katikati nilitupa. Wenzangu walibugia yote, mbegu na mabuu ndani, na leo mmoja ni diwani na ana tumbo kubwa lisilo na kovu. Mimi niliyekula kwa tahadhari ndiye huyu unayemwona anakunywa chai ya deni.

Basi nimeishi hivyo, nimezaa, nimelea, sijawahi kusumbuana na stroberi. Mpaka Mama Shiko akajiunga na chama kipya. Chama cha zamani kilikuwa chai na mandazi, watu wanatoa mchango, wanasengenya, wanarudi makwao. Hiki kipya kina meza ya matunda. Matunda yamekatwakatwa na kuchomwa vijiti. Mama Shiko akarudi na macho ya mtu aliyeona mbingu. Baada ya hapo ukimpa ndizi anaitazama, anakutazama, anaiweka chini.

Siku mama mkwe alipotangaza ziara, nikapigiwa simu nikiwa kazini. "Baba Shiko, ukirudi pitia stroberi. Mama asije akafikiri tunaishi kwa sukuma." Lakini tunaishi kwa sukuma. Nikasema sawa.

Ukitokea tauni kwa Waiyaki Way jioni, stroberi hutafuti, zinakutafuta. Zinashuka kutoka Limuru asubuhi, jioni zinakimbia kando ya madirisha ya matatu pale Kangemi jam ikikaza. Kijana akaniinulia kipaketi cha plastiki. Mia mbili. Nikasema mia. Akasema mia mbili. Nikasema mia na hamsini, akaniangalia viatu, akasema mia mbili. Nikatoa noti ya mia tano kwa uchungu. Si unajua hapo ndipo barabara huamua kufunguka? Mat ikang'oka. Yule kijana, Mungu ambariki, akakimbia na chenji yangu, mwaminifu kabisa, akaitupa ndani. Dirisha la nyuma yangu. Ikamwangukia mama mmoja mapajani. Mama akaihesabu polepole, akaikunja, akaitia kwenye blauzi, akasema ni yake, alikuwa anadai makanga. Makanga akaapa ni kweli. Abiria wote wakaniangalia mimi, mwanamume mzima anayepigania mia tatu huku amebeba stroberi.

Kwa hiyo zilinitoka mia tano. Niandikie hiyo, Mama Bahati, sio kwa deni, kwa historia tu.

Nyumbani nikafungua. Safu ya juu ilikuwa nyekundu, inang'aa, unaweza kuoa. Safu ya chini, nyeupe mabegani, nyingine zimepinda, moja ilikuwa na umbo la pua ya mjomba wangu. Nikasema si tatizo, hizi nyeupe nitaziweka kabatini na zile ndizi ziive. Shiko, msichana wangu wa kidato cha pili, akaniambia bila kuinua macho kwenye simu kwamba stroberi ikishachumwa haiivi tena. Inaoza tu. Ilivyochumwa ndivyo ilivyo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Baba, kila mtu anajua." Mimi nimo kwenye hilo la kila mtu?

Sasa ndipo nikaziona zile mbegu kwa karibu. Zimejipanga mwili mzima, kila moja kwenye kishimo chake, rangi ya majani makavu, na kiunywele kidogo kinachochungulia. Nikamwazia mama mkwe. Mama wa watu ana umri. Anakuja kwangu, anakula, kesho kidole tumbo kinalipuka, anapasuliwa, na ukoo mzima wa kina Mama Shiko unakaa kikao kuuliza alikula nini na alipewa na nani. Mahari yenyewe bado nadaiwa mbuzi.

Nikachukua sindano ya kushonea sare za shule. Nikaketi kwenye kochi. Nikaanza kuzitoa.

Jirani, usijaribu. Taarifa ya habari ya saa moja ilianza ikaisha nikiwa kwenye tunda moja. Ukidonoa mbegu inaruka, hujui imeangukia wapi. Juisi inakutiririka hadi kwenye kiwiko. Nilipomaliza upande mmoja ile stroberi ilikuwa imelegea kama nyanya iliyosahaulika chini ya kikapu. Shiko akaja, akasimama, akatazama mikono yangu nyekundu.

"Baba, nani amekufa?"

Nikamweleza kuhusu bibi yake na kidole tumbo. Akavuta kiti. Hiyo si dalili nzuri. Karo nimelipa mimi, na jioni inanirudia.

"Kwanza tunda moja lina hivyo vipunje kama mia mbili." Nikatazama paketi. Yalikuwa matunda 18. Nikapiga hesabu, nikafika 3,600, nikaweka sindano chini. "Pili, hivyo sio mbegu."

"Ni nini, chawa?"

"Hayo ndiyo matunda, Baba. Kila kipunje ni tunda kamili, limekauka, mbegu iko ndani yake. Hiyo nyama nyekundu ni kitako cha ua tu. Kimevimba."

Nikatazama meza. Huku, kwenye gazeti, matunda niliyokuwa natupa. Kule, kwenye sahani ya wageni, ile yenye maua, kitako. Na kesho nilikuwa nimpe mama mkwe.

Hakuniacha hapo. Akaniambia mwaka 1950 mtaalamu mmoja, Nitsch, alizitoa punje kwenye stroberi changa kabisa, akaziacha stroberi zenyewe kwenye mche. Zikagoma kukua. Nyingine akaiachia punje moja tu. Ikavimba pale pale kwenye ile punje, kwingine kimya. Kumbe punje ndizo zinazotuma homoni ya kunenepesha hiyo nyama. Na hizi zangu zilizopinda? Nyuki alipita upande mmoja wa ua akachoka, punje za upande wa pili hazikushika mbegu, nyama ikakosa mtetezi. Yaani nimelipa mia tano, nusu yake ni uzembe wa nyuki.

"Na sindano iko wapi?" akauliza.

Sindano. Nimeiweka chini. Chini wapi? Nikapapasa meza. Nikapapasa gazeti. Nikainua sahani. Nikageuza mifuko. Shiko akanyamaza kwa namna ambayo mama yake hunyamaza. Kisha akanisomea kwenye simu: mwaka 2018 kule Australia watu walikuta sindano ndani ya stroberi, ikaanzia Queensland, nchi nzima ikaingiwa na hofu, maduka yakaziondoa, wananchi wakaambiwa wakate kila tunda kabla ya kuweka mdomoni. Huko ilikuwa kesi ya polisi. Huku ilikuwa mimi, na Mama Shiko anatoka bafuni.

Usiku ule tulikata stroberi zote vipande. Kila moja. Taa ya simu ikimulika. Mama Shiko anakata, Shiko anakagua, mimi nimekatazwa kugusa. Sindano haikuonekana. Na stroberi iliyokatwa, nikaambiwa, haikai. Ikatiwa friji kwa jirani kwa sababu letu linapasha moto.

Jirani mwenye friji ni Mwalimu. Mwalimu alifundisha historia, amestaafu, na tangu siku hiyo hajapata mtu wa kumwambia kengele imelia. Asubuhi nilienda kuchukua bakuli, nina haraka, mama mkwe yuko stejini anangoja kupokewa. Mwalimu akashika bakuli kwa mikono miwili, hakuliachia.

"Baba Shiko, unajua hizi zililetwa na jasusi?"

Sikujua. Sikutaka kujua. Nikajulishwa. Kwamba mwaka 1712 Wafaransa walimtuma afisa wao, Amédée-François Frézier, kwenda Chile na Peru kujifanya mfanyabiashara huku akichora ngome za Wahispania. Ngome akachora. Lakini akaona kule Chile stroberi kubwa kuliko zote za Ulaya, akabeba miche. Mwaka 1714 akafika nayo Ufaransa, michache tu ikiwa hai. Ikapandwa. Ikachanua. Haikuzaa. Kumbe alichagua ile mizuri yenye kubeba matunda, na yote ilikuwa ya kike. Ikakaa miaka, majani matupu, mpaka ilipowekwa karibu na stroberi ndogo iliyotoka Virginia, Marekani ya Kaskazini. Nyuki wakafanya mambo yao. Mtoto aliyezaliwa ndiye huyu tunayemla leo. Mwaka 1766 kijana mmoja, Duchesne, akaandika wazazi wake ni kina nani.

"Kwa hiyo, Baba Shiko," Mwalimu akanishika bega, "hata stroberi bila wakwe haizai."

Hapo ndipo simu ya wakwe ikalia. Mama alikuwa ameshafika mwenyewe kwa bodaboda.

Nikaingia nyumbani na bakuli, natabasamu, nimeinama kwa adabu. "Karibu mama, keti, keti hapa kwenye kochi, ndipo pazuri." Nilimkaribisha mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu. Nikamvutia mto. Akajishusha na uzito wake wote wa kukaribishwa.

Sindano ilipatikana.

Sitaki kurefusha. Mama mkwe aliinuka kwa kasi ambayo daktari wake wa magoti angefurahi kuiona. Akaita majina ya watu waliokufa zamani. Mama Shiko akaniangalia. Shiko akasema, "Angalau haikuwa kwenye stroberi," na akatumwa dukani. Nikajaribu kueleza kwamba yote haya yalikuwa kwa usalama wake, kwamba nilikuwa namlinda na mbegu. Mama akaniuliza, amesimama, maana kuketi hakutaki tena, "Baba Shiko, mbegu gani?" Akachukua kipande, akatafuna, akameza, mbegu na yote. Akachukua kingine. Akalamba kidole. Kumbe yeye huko kwake Kinangop anazilima.

Saa saba usiku tumbo langu likakaza. Lenyewe tu, peke yake, wote wengine wanakoroma. Nikajua imefika. Nikamwamsha Mama Shiko nikamwonyesha hati ya ploti iliko. Akageuka upande wa pili.

Kliniki ya mtaa ilikuwa na kijana mmoja aliyevaa koti jeupe na nesi mmoja aliyevaa usingizi. Nikalala kwenye kitanda nikasema, "Daktari, ni kidole tumbo. Nimemeza stroberi." Akaniambia nionyeshe panapouma. Nikaonyesha.

"Hapo ni kushoto. Kidole tumbo kiko kulia, chini."

"Labda changu kimehama."

Nesi akaamka. Akavuta stuli.

Yule kijana akaniuliza nimekula nini kingine. Nikamwambia kidogo tu, mgeni alikuwepo. Chapati. Ngapi? Za kawaida. Maharagwe. Kabichi. Maziwa mala. Yai la kuchemsha ambalo Kadogo, mtoto wetu mdogo, alikataa. Halafu soda, kushusha. Akaandika kila kitu, nesi akawa anarudia kila neno, mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akaanza kucheka akikohoa. "Mzee, una gesi," akasema yule kijana. Mzee! Nilitoka nyumbani nikiwa Baba Shiko.

Lakini nisimnyime haki yake, alinieleza vizuri. Kidole tumbo mara nyingi huziba kwa kinyesi kilichokauka, au nyama zake za ndani zikivimba baada ya maambukizi. Kukuta mbegu humo ni nadra sana. Maumivu yake mara nyingi huanza kitovuni, yanahamia kulia chini, na homa, na kutapika, chakula hutaki hata kukiona. Hiyo ikikupata unakimbia hospitali, hungoji asubuhi. Mimi nilikuwa nimemuuliza nesi kama kuna chai.

Kuhusu mbegu, akasema hata madaktari walikuwa na woga wao. Watu wenye vijifuko kwenye utumbo mpana walikatazwa miaka na miaka wasile njugu, mahindi, bisi na vitu vya mbegu ndogondogo, eti zitanasa humo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakatoa matokeo: wanaume 47,228 walifuatiliwa miaka 18, na waliokula njugu na bisi hawakuumia zaidi ya wasiokula. Wanaume elfu arobaini na saba wanafuatwa miaka 18 kwa ajili ya bisi! Mimi anayenifuata ni wa mkopo wa simu.

"Na hizi za stroberi zinaenda wapi?"

"Zinapita zilivyo. Ni nyuzinyuzi tu, zinasaidia choo. Utaziona."

Sikuuliza nitazionea wapi.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza tangu Kangemi. "Uliziosha?"

Nikatazama dari. Jirani, nilizidonoa na sindano, nikazipigia hesabu, tukazikata usiku wa manane kwa taa ya simu, zikalala kwa Mwalimu, zikasikiliza historia ya Ufaransa. Kuosha hakuna aliyekumbuka.

Nesi ndiye aliyenishukia hapo. Tunda linakua karibu na udongo, limepigwa dawa, limechumwa kwa mkono, limetembezwa kwenye moshi wa magari, na halina ganda la kumenya, wewe unaogopa mbegu? Akaniambia mwaka 1997 kule Michigan watoto wa shule na wafanyakazi zaidi ya mia mbili walipata homa ya ini aina ya A kwa stroberi zilizogandishwa. Barafu haiui hicho kirusi. Kwa hiyo kunawa mikono kwanza, halafu kuosha kwa maji safi yanayotiririka, sio kuloweka kwenye beseni. Bila sabuni, tunda linanyonya. Kikonyo cha kijani kibaki mpaka umalize kuosha, ukikitoa mapema maji machafu yanaingilia hapo. Na usioshe za kesho leo, zitaota ukungu. Mtoto mdogo mkatie vipande vinne, nzima inaweza kumkaba. Mtu akila akaanza kuvimba midomo au koo kubana, hiyo ni aleji, mpeleke hospitali mara moja. Akayaandika yote nyuma ya risiti. Mbele ya risiti sitakutajia.

Sasa kwetu maji ya mfereji huja Jumanne, na Ijumaa landilodi akiwa na furaha. Maji yanayotiririka nitayatoa wapi? Mama Shiko akapata jibu. Mimi ndiye mfereji. Mama mkwe siku hizi hututumia ndoo ya stroberi kutoka Kinangop, bure, na salamu za kuniuliza nimekaa wapi. Nasimama jikoni nimeinua jagi juu, namimina pole pole, Mama Shiko anageuza stroberi chini yangu moja moja. Nikipunguza ananiambia nifungue. Mkono ukitetemeka ananiambia presha imeshuka.

Zikishaoshwa zinagawiwa. Kadogo anapata vipande vyake vinne vinne. Shiko anachukua zilizonyooka, za sayansi anasema. Mama Shiko anatia zake kwenye yogati na kupigia chama picha. Bakuli linaponifikia limebaki na vikonyo vya kijani. Nikalalamika. Shiko akatafuta kwenye simu, akanihakikishia kwamba navyo vinalika, havina madhara yoyote, mradi vimeoshwa.

Mama Shiko akanisogezea chumvi.